Kutoka Luano hadi N'djili: somo la kupima umbali wa angani kwa Kiswahili

1. Swali lenyewe

Kutoka Lubumbashi hadi Kinshasa ni umbali gani? Swali ni fupi, na hapa mjini kila mtu ana jibu lake. Mmoja atasema: saa mbili. Mwingine atasema: kilomita elfu moja mia tano na kitu. Wa tatu, aliyewahi kupanda treni hadi Ilebo na kushuka mto kwa boti, atahesabu majuma. Hakuna aliyedanganya kati yao. Wamejibu maswali matatu tofauti, na Kiswahili cha kila siku kimewaruhusu kuyajibu kwa neno moja: mbali.

Makala haya yana kazi mbili. Ya kwanza ni ya kiisimu: kutazama maneno ambayo Kiswahili kinatumia kutaja umbali, na kuonyesha ni wapi yanatatanisha. Ya pili ni ya hesabu: kupima, hatua kwa hatua na kwa Kiswahili kitupu, umbali wa angani kati ya uwanja wa ndege wa Luano, Lubumbashi, na ule wa N'djili, Kinshasa. Naziweka kazi hizi pamoja kwa sababu ya hali ya shule zetu. Hesabu na jiografia za madarasa ya juu tunazisoma kwa Kifaransa. Safari tunazipanga, tunazilipia na kuzisimulia kwa Kiswahili. Mwanafunzi anayeweza kukokotoa tao la duara ubaoni mara nyingi hukosa maneno ya kumweleza mama yake kwa nini tikiti inasema ndege inaondoka saa 10:00 na kufika saa 11:20, ilhali safari ni ya saa mbili na zaidi. Elimu hiyo imebaki shuleni kwa kukosa maneno ya kutokea, na maneno ndiyo kazi ya kitivo chetu.

2. Mbali, umbali, masafa, mwendo

Tuanze na neno la msingi. «Mbali» ni kielezi, na kazi yake ni kulinganisha mahali pawili: hapa na kule. Halipimi kitu. Tunaposema «Kinshasa iko mbali», tumetoa hukumu bila kutaja kipimo. Ndiyo maana Kasumbalesa inaweza kuwa mbali kwa mtu anayekwenda kwa miguu na karibu kwa mwenye gari.

Kiswahili sanifu kinaongeza kiambishi u- na kupata «umbali», nomino ya dhahania, kama «urefu» kutoka -refu na «upana» kutoka -pana. Nomino hii ndiyo inayokubali tarakimu: umbali wa kilomita 10. Katika Kiswahili cha Lubumbashi, pale sanifu panapokuwa na u-, mara nyingi sisi tuna bu-: ugali wao ndio bukari wetu. Lakini kwa umbali wenyewe, mazungumzo ya mjini huridhika na kielezi: «iko mbali», «haiko mbali», na ikihitajika tarakimu, mtu hurukia Kifaransa. Pengo letu la kwanza liko hapa: neno la kuonya kwamba njia ni ndefu tunalo, lakini la kupimia hatulitumii.

«Masafa» ni neno lenye asili ya Kiarabu, na maana yake ya kwanza ni umbali kati ya pointi mbili. Leo linasikika zaidi katika michezo, kama «mbio za masafa marefu», na katika redio, ambako limechukua maana ya idadi ya mitetemo ya mawimbi. Kwa kuwa limekwisha kupewa kazi hiyo ya pili, sitalitumia katika somo hili.

«Mwendo» ndilo neno lenye historia ndefu zaidi kwetu. Linatokana na kitenzi -enda, na hupima njia kwa muda wa kuitembea: mwendo wa siku tatu, mwendo wa mwezi. Kiswahili kilifika Katanga kwa miguu, pamoja na misafara ya biashara iliyotoka pwani ya Bahari ya Hindi, ikapita Unyamwezi na kuvuka Ziwa Tanganyika. Msiri mwenyewe, aliyetawala Bunkeya hadi alipouawa Desemba 1891, alikuwa mtu wa Unyamwezi aliyekuja na biashara hiyo. Kwa msafara, kilomita haina faida. Kinachotakiwa kujulikana ni siku ngapi za chakula, siku ngapi hadi maji. «Mwendo wa siku tano» kilikuwa kipimo kamili, kwa sababu kila mtu alitembea kwa kasi ile ile ya mpagazi mwenye mzigo.

Ndege imeharibu usawa huo. Kasi ikibadilika, mwendo hubadilika, na umbali hubaki pale pale. Mfano mzuri ni safari ya rubani Mbelgiji Edmond Thieffry, wa kwanza kuruka kutoka Ubelgiji hadi Kongo. Aliondoka Brussels tarehe 12 Februari 1925 na kufika Léopoldville tarehe 3 Aprili. Kwa kalenda ni siku 51. Kwa saa za kuwa hewani ni kama 75 tu. Siku nyingine zilikwenda kwa matengenezo, hali ya hewa na kusubiri. Leo miji hiyo miwili inaunganishwa kwa usiku mmoja. Tukisema «mwendo umepungua», tumesema kweli. Tukisema «umbali umepungua», tumekosea, ingawa sentensi hiyo tunaisikia kila siku.

3. Ndege yupi, ndege ipi?

Sasa tuje kwenye fungu la maneno lenyewe: «umbali wa ndege». Kifaransa kina semi mbili tofauti, «à vol d'oiseau» kwa mstari ulionyooka na «par avion» kwa chombo. Kiswahili kina neno moja, «ndege», kwa kiumbe na kwa chombo. Mjini kwetu tunasema «ndeke», na g imekuwa k kama ilivyokuwa katika bukari.

Kwa kawaida sarufi hutuokoa. Katika Kiswahili sanifu, ndege mwenye uhai hupatanishwa kama viumbe wengine, na ndege ya chuma hupatanishwa kama vitu vya ngeli ya N:

(1) Ndege huyu ameruka.
(2) Ndege hii imeruka.
(3) ndege wangu / ndege yangu

Katika (1) tunamwona mwenye mabawa ya manyoya. Katika (2) tunaiona yenye injini. Mfano (3) unaonyesha kwamba hata kimilikishi kinatosha kutofautisha. Lakini tazama:

(4) umbali wa ndege

Hapa «wa» haipatani na ndege. Inapatana na umbali. Kipatanishi kinachoweza kututoa gizani kimeshikwa na nomino nyingine, na maana zote mbili zinabaki wazi: umbali ambao kiumbe angeupita akinyoosha moja kwa moja, au umbali ambao chombo kinaupita kikifuata njia yake. Mtu anaweza kudhani ni kitu kimoja. Si kitu kimoja, kama sehemu ya sita itakavyoonyesha.

Napendekeza basi tutumie istilahi tatu, zote za maneno yaliyokwisha kuwapo:

(a) umbali wa tao: urefu wa njia fupi kabisa juu ya uso wa dunia kati ya sehemu mbili. Nasema tao kwa sababu dunia ni tufe. Mstari «ulionyooka» juu yake umepinda kama upinde.

(b) urefu wa njia: kilomita zinazopitwa kweli, iwe kwa reli, kwa maji, kwa barabara au hewani.

(c) muda wa mwendo: saa au siku zinazotumika safarini.

Swali la kwanza la makala haya sasa limegawanyika kuwa maswali matatu, na kila moja lina jibu lake.

4. Kupima umbali wa tao

Mtu asiye na kikokotoo anaweza kuanza na uzi. Chukua tufe la darasani, nyoosha uzi kutoka Lubumbashi hadi Kinshasa bila kuulegeza, kisha upime uzi huo kwa rula na uzidishe kwa skeli ya tufe. Uzi ukikazwa hufuata wenyewe njia fupi kabisa. Njia hiyo ni kipande cha duara kuu, yaani duara ambalo kitovu chake ni kitovu cha dunia. Ikweta ni duara kuu. Kadhalika kila mstari wa longitudo ukiunganishwa na wenzake wa upande wa pili.

Kwa ramani bapa, rula inatosha ikiwa miji haiko mbali sana na ikweta. Katika ramani ya skeli ya 1:5,000,000, sentimita moja ni kilomita 50. Kati ya Lubumbashi na Kinshasa utapata kama sentimita 31.

Kwa hesabu tunahitaji mahali pa kila uwanja kwa nyuzi za latitudo na longitudo. Kwa desimali moja:

Luano: nyuzi 11.6 kusini, nyuzi 27.5 mashariki.
N'djili: nyuzi 4.4 kusini, nyuzi 15.4 mashariki.

Tunahitaji pia kujua uzi mmoja ni kilomita ngapi. Hapa hakuna haja ya kukariri. Mita ilipobuniwa Ufaransa mwishoni mwa karne ya 18, ilikusudiwa iwe sehemu moja ya milioni kumi ya umbali kutoka ncha ya kaskazini hadi ikweta. Kwa hiyo robo hiyo ya dunia ni kama kilomita 10,000, nayo ina nyuzi 90. Gawanya: uzi mmoja ni kama kilomita 111. Tukichukua nusukipenyo cha wastani cha dunia, kilomita 6,371, tunapata 111.2. Tutatumia hiyo.

Hatua ya kwanza, kaskazini na kusini. Toa latitudo: 11.6 kutoa 4.4 ni 7.2. Zidisha kwa 111.2: kilomita 801.

Hatua ya pili, mashariki na magharibi. Toa longitudo: 27.5 kutoa 15.4 ni 12.1. Zidisha kwa 111.2: kilomita 1,346. Lakini mistari ya longitudo hukaribiana kadiri tunavyoiacha ikweta, hadi inakutana kwenye ncha. Lazima tupunguze. Kipunguzi ni kosaini ya latitudo ya katikati. Katikati ya 11.6 na 4.4 ni 8, na kosaini ya nyuzi 8 ni 0.990. Zidisha 1,346 kwa 0.990: kilomita 1,332.

Hatua ya tatu, kuunganisha. Tuna pembetatu mraba yenye pande za 801 na 1,332, na tunatafuta upande mrefu. Kwa kanuni ya Pythagoras, mraba wa 801 ni 641,601; mraba wa 1,332 ni 1,774,224; jumla ni 2,415,825. Kipeuo chake cha pili ni 1,554.

Umbali wa tao kati ya Luano na N'djili ni kilomita 1,554. Ukiikokotoa kwa kanuni kamili ya tufe, kwa tarakimu zile zile, utapata 1,554 pia. Kwa masafa ya namna hii, na kwa nchi inayokatwa na ikweta kama yetu, pembetatu ya darasani inatosha.

Rubani atakutajia tarakimu nyingine, kama 839, naye hajakosea. Anga hupimwa kwa maili ya baharini, ambayo ni mita 1,852 na asili yake ni dakika moja ya tao, yaani sehemu ya 60 ya uzi mmoja. Maili ya barabarani ya Waingereza ni mita 1,609. Kiswahili kinaziita zote «maili», kwa hiyo anayeandika habari za ndege aseme ni maili ipi.

5. Nani ni jirani yetu?

Njia hiyo hiyo nimeitumia kwa miji mingine minne, nikianzia Luano kila mara na kuishia kwenye uwanja mkuu wa ndege wa mji unaohusika:

Lusaka: kilomita 425.
Dar es Salaam: kilomita 1,386.
Nairobi: kilomita 1,546.
Kinshasa: kilomita 1,554.
Brussels: kilomita 7,356 kwa pembetatu, 7,298 kwa tufe.

Orodha hii ina mambo matatu ya kujadili.

La kwanza: Lubumbashi iko karibu zaidi na Dar es Salaam kuliko na mji mkuu wa nchi yake, na tofauti ni zaidi ya kilomita 160. Mtu akishangaa kwa nini Kiswahili kimekuwa lugha ya mji uliojengwa na Wabelgiji, na ambao serikali yake iko kwa wasemaji wa Kilingala, atazame ramani kwanza. Umbali peke yake hauelezi lugha. Reli iliyofika hapa mwaka 1910 kutoka kusini, wafanyakazi wa migodi waliotoka pande nyingi, na uamuzi wa waajiri na wamisheni, vyote vilichangia. Lakini ardhi iliyopokea mambo hayo ilikuwa imekwisha kuelekea mashariki.

La pili: Nairobi na Kinshasa zinatofautiana kwa kilomita 8. Je, tuseme Nairobi iko karibu zaidi? Kwa tarakimu hizi tusiseme. Tulikadiria mahali kwa desimali moja ya uzi. Kosa la ukadiriaji linaweza kufika nusu ya desimali hiyo, ambayo ni kama kilomita 5 na nusu, kwa kila kipimo kilichoingia katika hesabu. Tofauti ya kilomita 8 inamezwa na kosa hilo. Anayetaka kujua arudie hesabu kwa desimali mbili au tatu. Kwa lugha: «takribani» si neno la woga. Katika sentensi ya kipimo ni sehemu ya ukweli, na anayeliondoa amedai kujua zaidi ya alichopima.

La tatu: Brussels. Hapa pembetatu imetudanganya kwa kilomita 58, kwa sababu dunia hupinda na pembetatu ni bapa. Kwa safari za namna hii tumia kanuni ya tufe, ambayo kwa maneno ni hivi: zidisha saini za latitudo mbili, zidisha kosaini za latitudo mbili na kosaini ya tofauti ya longitudo, jumlisha matokeo hayo mawili, jumla ni kosaini ya pembe inayotafutwa. Latitudo ya kusini huandikwa kwa alama ya kutoa. Kwa Luano (11.6 kusini, 27.5 mashariki) na Brussels (50.9 kaskazini, 4.5 mashariki), zao la saini ni kutoa 0.1561, na zao la kosaini ni 0.5687. Jumla ni 0.4126. Kikokotoo kitakuambia kwamba pembe yenye kosaini hiyo ni nyuzi 65.63. Zidisha kwa 111.2: kilomita 7,298.

6. Njia si umbali

Tumepata jibu (a). Jibu (b), urefu wa njia, linategemea chombo.

Tangu mwaka 1928, reli kutoka Katanga ilipofika Port-Francqui, ambayo leo ni Ilebo, mizigo ya kusini iliweza kwenda Kinshasa bila kutoka nje ya nchi: treni hadi Ilebo, kisha boti kwenye mto Kasai hadi mto Kongo. Reli peke yake ni kama kilomita 1,600, kwa sababu inazunguka kupitia Kamina na Kananga. Maji yanaongeza karibu 800. Jumla ni kama kilomita 2,400, yaani zaidi ya tao kwa nusu nzima. Barabara nayo inazunguka, na sehemu kubwa ni ya udongo ambao mvua huufunga. Kwa msafiri wa kawaida mwenye haraka, mgonjwa anayepelekwa kwa daktari bingwa au mtu anayewahi mazishi, njia iliyobaki ni ya hewani.

Hata hewani, urefu wa njia si sawa na umbali wa tao. Ndege huruka na kutua kwa kuelekea upepo, kwa hiyo huanza safari ikitazama upande wa barabara ya kurukia, pengine mgongo ukiwa kwa mji inaokwenda. Ikishapanda, hufuata njia za anga zilizopangwa kutoka kituo hadi kituo. Katika msimu wa mvua, rubani hukwepa mawingu ya radi, ambayo juu ya bonde la Kongo hupanda juu sana. Na ikiwa ndege inatua Kananga au Mbuji-Mayi kwanza, njia inavunjika vipande viwili. Tao basi ni kima cha chini: hakuna ndege inayoweza kwenda Kinshasa kwa kilomita pungufu ya hizo, na karibu kila ndege itazipita.

Ndiyo maana nilikataa kuacha «umbali wa ndege» bila kufafanuliwa. Kiumbe wa methali ananyoosha. Chombo cha chuma kinapinda.

7. Saa mbili, au saa mbili?

Limebaki jibu (c), na hapa Kiswahili kina mtego wake wa pili.

(5) ndege ya saa mbili

Je, ni ndege inayoondoka saa mbili, au safari inayochukua saa mbili? Kiswahili sanifu hutumia «saa» kwa wakati na kwa muda. Wasemaji wengi, kwetu na kwingine, wamejitengenezea dawa: «saa» kwa wakati, «masaa» kwa muda. Walimu wa Kiswahili sanifu huisahihisha dawa hiyo kwa kalamu nyekundu. Mimi naona wasemaji wameziba tundu ambalo sarufi iliacha wazi, na mtafiti anapaswa kulieleza jambo hilo kabla ya kulikemea. Katika maandishi rasmi tunaweza kuepa kwa kusema «safari ya muda wa saa mbili».

Muda wenyewe unakadiriwa kwa mgawanyo. Ndege ya jeti ikienda kwa kilomita 800 kwa saa, tao la kilomita 1,554 linachukua saa moja na dakika 57. Ongeza kupanda, kushuka, kuzunguka na kutembea uwanjani, tufanye dakika 23. Jumla ni saa mbili na dakika 20.

Sasa ile tikiti ya mwanzo. Ndege inaondoka Luano saa 10:00 na kufika N'djili saa 11:20. Ukitoa, unapata saa moja na dakika 20. Wakati wa kurudi inaondoka N'djili saa 10:00 na kufika Luano saa 13:20. Ukitoa, unapata saa tatu na dakika 20. Msomaji asiyejua atadhani kwamba kurudi ni mbali zaidi.

Sababu ni kwamba nchi yetu ina majira mawili ya saa: mashariki, pamoja na Lubumbashi, iko saa moja mbele ya Kinshasa. Kwenda magharibi, saa moja inarudishwa. Kurudi mashariki, inatolewa tena. Dawa ni rahisi na haihitaji kujua lolote kuhusu majira: jumlisha muda unaoonekana wa kwenda na wa kurudi, kisha gawanya kwa mbili. Saa 1:20 na saa 3:20 ni saa 4:40; nusu yake ni saa 2:20. Tofauti ya vipindi hivyo viwili, ikigawanywa kwa mbili, inakupa tofauti ya majira: saa moja.

Na jua lenyewe linasemaje? Dunia huzunguka nyuzi 360 kwa saa 24, yaani uzi mmoja kwa dakika nne. Kati ya Luano na N'djili kuna nyuzi 12.1 za longitudo. Zidisha kwa nne: dakika 48. Jua la adhuhuri linapita juu ya Lubumbashi dakika 48 kabla ya kufika Kinshasa. Serikali imezikamilisha kuwa 60. Tumerudi kwa namna fulani kwenye lugha ya misafara, ambayo ilipima nchi kwa jua na kwa siku. Longitudo ni mwendo wa jua ulioandikwa kwa nyuzi.

8. Hitimisho

Umbali wa tao kutoka Lubumbashi hadi Kinshasa ni kilomita 1,554. Urefu wa njia ya reli na mto ni kama 2,400. Muda wa mwendo kwa ndege ni kama saa mbili na dakika 20. Majibu ni matatu, na kila moja ni sahihi likiwekwa chini ya jina lake.

Katika hesabu nzima sikuhitaji kukopa fungu hata moja la Kifaransa. Tao, pembe, uzi, mraba, kipeuo, duara kuu, nusukipenyo: maneno haya yapo katika Kiswahili cha vitabu vya shule vya Afrika Mashariki. Yaliyokuja kwa mkopo, kama latitudo na kosaini, yamekwisha kuvaa sauti zetu. Kinachokosekana Lubumbashi ni mazoea ya kuyatumia. Kiswahili ni moja ya lugha nne za taifa za nchi hii, na kwa mtoto wa hapa ndiyo lugha ya kwanza ya kuuliza «ni mbali?». Haifai asubiri kujua lugha nyingine ili ajibiwe kwa kipimo.

Mazoezi kwa msomaji:

Moja. Kolwezi iko takribani nyuzi 10.7 kusini na 25.5 mashariki. Pima umbali wa tao kutoka Luano, kisha uulize watu watatu muda wa mwendo kwa gari. Andika maneno waliyotumia kama walivyoyasema, bila kuyasanifisha.

Mbili. Tafuta mahali pa viwanja vya Luano, N'djili na Nairobi kwa desimali tatu, na uamue kama mji wa Wakenya uko karibu nasi kuliko mji wetu mkuu.

Tatu. Katika lugha ya nyumbani kwenu, iwe Kiluba, Kibemba, Kisanga, Tshiluba au nyingine, je, kuna nomino ya «umbali» inayokubali tarakimu, au kuna kielezi tu? Na ndege, je, kiumbe na chombo vinagawana jina moja? Leteni mifano. Orodha ya namna hiyo, ikikusanywa lugha kwa lugha, itaweza kuwa msingi wa kitabu cha jiografia ambacho bado hatuna.